Magogo Mawili ya Gelasius Lyamba

Hakuna mtu kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Sheria hiyo marehemu Gelasius Lyamba aliiandika kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa karakana yake hapa Kawajense, akaishika kwa zaidi ya miaka mitatu. Aliivunja mara moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 huko Mamba, Mpimbwe, mtoto wa kwanza wa hayati mzee Kasimiri Lyamba na mama Verdiana, wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha baba alipougua, kwa kuwa shamba lilihitaji mikono.

Mwaka 1951 alikuja Mpanda, akajifunza ufundi wa mitambo mgodini hadi mgodi ulipofungwa. Baadaye alitengeneza magari ya serikali. Tarehe 6 Oktoba 1956 alifunga ndoa na Hilaria. Hakuwahi kumwinulia mkono wala sauti, na ninalisema hilo mbele ya wanaume ambao hawawezi kusemewa hivyo.

Mwanzoni mwa 1974 alinunua nyumba yenye banda la gari ambalo mwenyewe wa zamani alifugia mbuzi. Alizoa samadi, akasakafia, akatoboa dirisha upande wa mashariki apate mwanga wa asubuhi. Chini ya dirisha akajenga benchi zito la mninga, likimfika kiunoni asiumie mgongo. Jiliwa la kubania vyuma alilifunga juu ya mguu wa benchi, mahali pasipotikisika. Kila kifaa kilikuwa na msumari wake ukutani, na umbo lake limezungushiwa rangi, ili kisipokuwepo pengo lionekane. Siku moja Tereza, kitindamimba wake, alitundika kandambili kwenye msumari wa nyundo. Tulidhani baba yake atagomba. Alichukua brashi, akaizungushia rangi nayo. Umbo lile lipo hadi leo.

Alichimba pia shimo la kufanyia kazi chini ya magari, lakini masika likajaa maji, akalifukia. Ndipo alipochonga magogo mawili ya mninga mkavu, ya pembe nne, ya kuegemezea gari likishainuliwa.

Mwezi Oktoba mwaka huu jirani yetu mmoja alifariki. Gelasius alijitolea kutengeneza jeneza, na alikuwa ameenda kuchukua vipimo wakati balozi wetu wa nyumba kumi, Thadei, alipopita nyumba kwa nyumba na wenzake kukusanya kuni za msiba, kama ilivyo desturi. Hilaria aliwapa mzigo mzima. Balozi akayaona magogo.

"Hayo hapana, shemeji. Ni ya kazi," Hilaria akamwambia.

"Mama Skola, msibani mti ni mti. Au mnataka tumsindikize mzee na chai baridi?"

Wenzake wakacheka, wakayabeba. Gelasius alipofika msibani alikuta yameshapasuliwa, yanawaka. Aliposema, waliokuwa wanaota moto wakamjibu, "Fundi, nyie watu wa Mpimbwe, hata gogo mnalilia?"

Kuchangia msiba ni wema. Kumpora aliye hai kwa jina la maiti ni uchafu, na mimi unanitia kinyaa.

Alikata magogo mengine, lakini yalikuwa mabichi, yangepasuka. Matofali hakuyaamini. Akakataa kazi zote za chini ya gari, na mtaa ukasema anaringa. Jumamosi tarehe 12 Novemba, mteja wake Felisiani alileta Landrova iliyotakiwa kupeleka mbegu za mahindi Mwamkulu. Mawingu yalikuwa yameshatanda.

"Fundi, kidogo tu. Au maandishi ya mlangoni ndiyo yanakulisha?"

"Ngoja magogo yakauke."

"Haya, na mvua nayo nikaiambie ingoje magogo yako."

Marehemu aliwafikiria watu wa Mwamkulu na msimu wao, akaingia. Jeki ikateleza.

Ugonjwa hakuwa nao. Alilazwa hospitali kifua kimevunjika. Hilaria alipomwuliza imekuwaje, alijibu neno moja: "Nilijua." Sitamtakasa kwa hilo. Alijua, akaingia. Alifariki alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Novemba 1977.

Waliochoma magogo tunao hapa, na ndio wanaolia kwa sauti kuliko wote. Leo asubuhi mmoja wao amemfuata mjane kuuliza kama lile benchi bado lina kazi, maana kuni zimepungua. Karakana nimeifunga kwa kufuli na ufunguo ninao mimi. Mwanawe Rafaeli ataupokea akimaliza shule.

Marehemu ameacha mjane, Hilaria. Watoto watatu, Skolastika, Rafaeli na Tereza. Mama yetu, Verdiana. Na mimi mdogo wake, Melkior. Mungu ampe pumziko la amani, mahali ambapo hakuna wa kumharakisha.

Magogo yale yalichemsha chai ya msiba mmoja. Yamemgharimu Gelasius uhai wake, akiwa na miaka arobaini na sita.