Igizo Lililofungia Chumvi

Bwana asifiwe! Asifiwe na ninyi wa viti vya nyuma pia, maana nawaona mmeinamia simu. Leo siwagombezi. Mungu amenifungua kwa kifaa hichohicho, na nimesimama niwaambie.

Mnaonijua kama Mama Naomi hamjui kwamba zamani nilikuwa mtunzi wa maigizo ya kanisa. Ilikuwa miaka ya themanini, miaka ya shida. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, chumvi ikifika dukani mji mzima unajua. Karatasi ndiyo kabisa! Niliandika nyuma ya mitihani ya zamani niliyopewa na mwalimu mmoja, kwa penseli, herufi ndogo kama mtama. Mwaka mzima niliandika igizo la sikukuu ya mavuno, habari za mjane wa Sigino aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Jioni tukipukuchua mahindi niliwasomea watu wa nyumbani, na mawifi waliokuja kutusaidia, wanacheka, wanalia. Ndugu zangu, nililipenda igizo lile! Na nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Kisha nikajifungua Naomi. Kama ilivyo desturi yetu, wifi yangu Mama Safari, dada mkubwa wa mume wangu, akaja kutoka Nakwa kunihudumia. Alinipikia uji, akanikanda, akafua nepi bila sabuni. Mama yule alinipenda. Wageni wakawa wanamiminika kumwona mtoto, na kwa bahati mume wangu alikuwa amepata chumvi. Wifi akaona aibu mgeni aondoke mikono mitupu. Akachukua karatasi zangu chini ya kitanda, akafungia chumvi, akagawa. Kwa siku tatu igizo lote likaishia kwenye nyumba za watu! Nilipotuma mtu kuzikusanya, zilikuwa zimeshawashiwa moto.

Nilipomuuliza, alinishangaa. "Wifi, hadithi si iko kichwani mwako? Bibi yetu alikuwa na hadithi nyingi, na karatasi hakuwahi kushika."

Hakujua kusoma. Hakuwa na ubaya wowote. Nami nililijua hilo, ndugu zangu, na bado sikumsamehe.

Nikaweka penseli chini, nikamweka na wifi pembeni. Miaka thelathini na kitu! Shikamoo, marahaba, basi. Nakwa ni hapo tu kwa bajaji, lakini tulikutana misibani. Nikiomba hapa kanisani, nawataja ndugu wa mume wangu mmoja mmoja, nikifika kwake naruka. Halafu nasema amina kwa sauti kubwa!

Mwaka jana vijana wetu wakaanza kutengeneza maigizo mafupi kwa simu. Wakanijia. "Shikamoo Mama Naomi. Tumesikia zamani ulikuwa unaandika. Tutungie moja." Nikawajibu kwa ukali kwamba sina kitu. Habari ikamfikia wifi.

Jumamosi moja nachambua maharage, simu ikalia. Ujumbe wa sauti! Mama yule asiyejua a wala be alikuwa amejifunza kubonyeza na kusema. Nusura niufute.

"Wifi, nasikia vijana wanataka igizo. Lile la mjane ninalo. Sikiliza."

Akaanza, ujumbe baada ya ujumbe. Maneno ya mjane, maneno ya shemeji, hata pale nilipokuwa naacha kusoma: "Hapo ukanyamaza, ukamfukuza mbuzi, ukaendelea." Kumbe miaka yote hiyo, akipalilia, akichota maji, alikuwa akilirudia lisimpotee, akingoja siku nitakayomuuliza. Sikumuuliza. Mwishoni akasema, "Nilikosa, wifi. Nimekutunzia."

Ndugu zangu, nililia juu ya yale maharage! Nikapanda bajaji na kanga ya jikoni. Nikamkuta mlangoni, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nikapiga magoti. "Shikamoo wifi. Nisamehe mimi."

Akanishika kichwa. "Marahaba. Umekula?"

Kinyongo kiliondoka palepale, Yesu asifiwe! Igizo tukaliandika kwenye simu yangu, yeye anasema, mimi nabonyeza kwa kidole kimoja. Vijana wakaliigiza kule Sigino, wakalirusha mtandaoni, na watu wa mikoa ya mbali, tusiowajua, wakaandika kwamba wamelia. Waigizaji wa Arusha wametuomba jingine. Zamani ningesafiri hadi Dar es Salaam na igizo ndani ya bahasha, nikae mlangoni kwa mtu mkubwa mpaka nichoke. Leo tunatunga jikoni Nakwa, na kwenye majina ya watunzi Mama Safari ametangulia.

Namshukuru Mungu, nawashukuru vijana hawa wenye simu zao. Nawe mwenye mtu wa kumwendea, mwamini Mungu, nenda leo. Mimi Mungu amenirudishia igizo, amenirudishia na wifi. Lakini miaka thelathini ya kukaa naye jikoni niliitupa mwenyewe, na sasa amezeeka.