Karani wa Stoo Aliyetufundisha Kuunda Kompyuta

Bi. Nyevu Thoya anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Katika muda wote huo amekosa kazini siku sita, nne kati yake akiwa matangani. Barua yake ya kustaafu inamwita Karani wa Stoo, Daraja la Pili. Kamati ya jarida imeniomba niandike wasifu wa uchangamfu, wenye kuchekesha kidogo. Nitajitahidi, lakini niseme mapema kwamba nimekasirika.

Aliajiriwa Februari 1992 katika Idara ya Elektroniki, kazi yake kuandika vifaa vinavyotoka na vinavyorudi. Kila asubuhi alivuka Feri kutoka Likoni, akaingia Kibokoni kwa miguu, akafika langoni kabla ya mwenye funguo. Njiani alizoea kusimama dukani kwa marehemu Bwana Gharib, fundi wa redio, akimwamkia na kuitazama mikono yake ikifanya kazi. Baada ya mwaka Bwana Gharib alimpa pasi ya kulehemu aishike mwenyewe. Ofisi haina habari hiyo, kwa sababu haikuwahi kuuliza.

Mwaka 2017 chuo kilipokea seti arubaini za kompyuta za kujiundia. Kwa asiyezijua: unapewa bodi tupu, mfuko wa rezista, kapasita na chipu, na karatasi ya maelezo. Viungo vyapata mia sita, na kila kimoja unakilehemu kwa mkono. Ukimaliza unaiunganisha na televisheni na kibodi, unaandika amri, nayo inakujibu. Sisi wakufunzi sita, wenye diploma zetu ukutani, tuliunda kumi na moja wakati wa likizo ili tuwaoneshe wanafunzi mfano. Haikuwaka hata moja. Tukazirudisha stoo tukisema seti ni mbovu.

Sasa, fomu ya stoo ina mahali pa kuandika sababu ya kifaa kurudishwa, na Bi. Nyevu alikataa kuandika ubovu juu ya kitu alichokitoa kizima. Alichukua lenzi anayosomea namba za vipuri, akazikagua bodi zote. Kisha akatueleza kwa adabu kwamba tulikuwa tukiyeyusha lehemu kwenye ncha ya pasi na kuidondosha juu ya mguu wa chipu, badala ya kuupasha moto mguu wenyewe ili lehemu iushike. Viungo vyetu viling'aa vizuri sana, ila havikuwa vimeshika kitu. Alizilehemu upya saa za chakula cha mchana, kwa wiki tatu, na tisa zikawaka.

Tangu hapo aliyefundisha kulehemu ni yeye, ingawa ratiba iliandika jina langu. Desturi yetu ya kusomeana aliileta yeye. Mwanafunzi akimaliza bodi yake haruhusiwi kuiwasha. Humpa mwenzake aisome kwa lenzi na kijiti cha meno, mguu kwa mguu, kwa sauti, na aliyeiunda hunyamaza kimya. Isipowaka, anayeulizwa ni msomaji. Mzamil, mwanafunzi wetu wa Kibokoni, alisema ni kama madrasa: hufunui ukurasa mpaka usikilizwe. Bi. Nyevu, ambaye ni mzee wa kanisa, alipenda sana maneno hayo.

Halafu kuna habari ya mchele. Hewa yetu ya chumvi huila miguu ya chipu, ikafifia na kukataa lehemu. Dawa ya Bi. Nyevu ilikuwa kuzihifadhi chipu katika makopo ya maziwa, na ndani yake kifuko cha mchele uliokaangwa ukakauka. Mkaguzi alipoyafungua makopo, Bi. Nyevu aliandikiwa barua ya onyo kwa kuweka chakula stoo. Ningependa kuelezwa ni pilau gani hiyo inayopikwa kwa vijiko viwili vya mchele na chipu. Onyo hilo halijafutwa hadi leo.

Katika maonyesho ya 2022 iliagizwa kwamba mezani wasimame wakufunzi peke yao, na Bi. Nyevu abaki stoo. Bodi iliyochaguliwa ilikuwa ya Mzamil na msomaji wake nilikuwa mimi. Nilisema nimeisoma. Sikuisoma, nilikuwa nikihangaika na tai. Mgeni wa heshima akabonyeza swichi, televisheni ikabaki nyeusi. Chipu moja ilichomekwa kinyume na ilikuwa imekwisha kuungua. Tukamkimbilia Bi. Nyevu, akaja na nyingine mfukoni mwa aproni, akaibadilisha, kompyuta ikawaka. Mgeni akauliza kosa lilikuwa la nani. Kwa kanuni yake mwenyewe Bi. Nyevu alikuwa na haki ya kunitaja.

"Ni la stoo, bwana," alisema. "Tuwieni radhi."

Nami nikanyamaza. Jarida hili hili lilichapa picha ya siku ile, na Bi. Nyevu ameonekana kiwiko tu. Cheti cha pongezi kiliandikwa jina langu, nikakipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo si ofisi peke yake inayonikasirisha.

Chuo kidogo cha ufundi huko Likoni kinamtaka akafundishe kuanzia Septemba. Kinahitaji barua moja tu kutoka kwetu, ya kuthibitisha kwamba amewahi kufundisha. Ofisi imejibu kuwa haiwezi kuandika jambo lisilokuwamo katika faili lake, na faili lina barua ya kuajiriwa, fomu za likizo na onyo la mchele. Nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu niliambiwa niache kuwasumbua watu wazima kwa ajili ya karani.

Haya basi. Jarida hili ni la chuo, lina nembo ya chuo, na kwa utaratibu wa ofisi hiyo hiyo nakala yake hutiwa katika faili la kila mtumishi anayeandikiwa wasifu. Kwa hiyo nathibitisha, mimi Dancan Mutunga, Mkufunzi Mkuu wa Elektroniki, kwamba Bi. Nyevu Thoya amefundisha kulehemu na kuunda kompyuta chuoni hapa tangu 2017 hadi leo, na kwamba jina langu katika ratiba lilikuwa la uongo. Amefundisha wanafunzi mia mbili na kumi na wanne, na wakufunzi sita. Wa kwanza katika hao sita ni mimi.

Ahsante, Bi. Nyevu, kwa subira ambayo hatukuistahili. Mola akujaalie afya, macho yasiyochoka, na wanafunzi wenye kusikia kuliko sisi. Kaichukue barua yako ofisini. Faili sasa linaruhusu.