Bwana Turubai Anaondoka Kwenye Dawati la Matamasha

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, ofisa wetu wa matamasha ya jamii atafunga droo, atazima feni na kustaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Muda wote huo amekuwa katika idara moja, ghorofa moja na, ukiondoa wiki mbili za kupaka rangi, kiti kimoja. Kiti kinabaki.

Kwa watumishi wapya wasiojua kazi yake: kila mwaka halmashauri hutenga fungu dogo kwa ajili ya matamasha ya mitaa. Wananchi wakitaka kuwa na siku yao ya kwaya, maigizo, mbio za magunia na kuvuta kamba, huandika maombi. Yeye ndiye aliyeyasoma, akapima nani apewe na nani asubiri, na siku yenyewe ilipofika akaenda kukagua kama fedha ya umma imefanya kile kilichoandikwa. Amehudhuria matamasha mia sita na kumi na mawili. Hajacheza hata wimbo mmoja. Anasema alikuwa kazini.

Mimi ni mtunza masjala. Meza yangu na yake zimetazamana kwa miaka kumi na tisa, na mkurugenzi aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu alisema, "Wewe ndiye unayemjua." Ni kweli, namjua. Hakuna aliyeniuliza kama nilikusudia.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, karani wa muda, kwa mkataba wa miezi mitatu wa kuanika mafaili yaliyolowa baada ya bomba kupasuka juu ya dari. Mwezi wa nne ulipoingia hakuna aliyemwambia aende, naye hakuuliza. Mwaka wa pili ofisa wa matamasha alihamishwa, na kijana akaachiwa dawati "kwa muda tu". Barua ya kumthibitisha ilitoka mwaka wa saba. Imeandikwa kwamba kazi inaanza mara moja.

Jina la Bwana Turubai lilitokana na tamasha la kwanza alilokagua. Waandaaji walikumbuka jukwaa, maua na kiti cha mgeni rasmi, wakasahau kivuli. Kufikia saa saba mchana mwalimu wa kwaya alikuwa chini, na waimbaji watatu wamemfuata. Ripoti yake ilisema: "Kwaya ilianza na watu ishirini, ikamaliza na kumi na sita. Sauti ya kwanza iliathirika zaidi." Tangu siku hiyo, mwombaji akiingia chumbani kwetu, hata kabla hajavuta kiti, huulizwa, "Turubai liko wapi?" Aliulizwa hivyo hata bwana mmoja aliyeomba kufanya mashindano ya bao ndani ya ukumbi. Jina lenyewe mwenzetu anajifanya halijui, ingawa huliitikia.

Fomu ya ukaguzi tunayoitumia hadi leo ni ya kwake. Swali la kumi na saba linauliza: "Je, wananchi walifurahi?" Mkaguzi wa ndani aliwahi kutaka lifutwe, akisema furaha haipimiki. Bwana Turubai alimweleza, bila kupepesa macho, kwamba inapimika. Waliokaa mbele hawahesabiwi, maana wamealikwa. Mtazame aliyekuwa anapita zake na mfuko wa viazi, akasimama nyuma kuchungulia dakika moja. Akiuweka mfuko chini, amefurahi. Swali lilibaki, na pembeni yake kikaongezwa kisanduku cha idadi ya mizigo iliyowekwa chini.

Mkewe ni muuguzi. Kwa miaka mingi alilalamika kwamba ameolewa na mtu anayekwenda kwenye sherehe kila Jumamosi na hajawahi kumchukua. Mwishowe mume akamchukua, akamweka sehemu ya wananchi, akaenda zake kukagua vyoo. Alipogeuka alimkuta mkewe yuko kwenye kamba, na upande wake unashinda. Katika ripoti ameandikwa kama "mshiriki wa kike, mwenye nguvu." Binti yao alipoolewa, baba wa bibi harusi alizunguka ukumbi mara mbili akihesabu milango ya dharura. Wakwe walidhani anatafuta pa kukimbilia.

Sasa nieleze la mtaro, maana ndilo watu huniuliza.

Mwaka wake wa kumi na sita kazini, maombi mawili yalitua mezani siku moja, ya mitaa miwili iliyotenganishwa na mtaro wa maji ya mvua. Mwenyekiti wa mtaa wa juu alikuwa fundi cherehani. Mwenyekiti wa mtaa wa chini alikuwa mwenye bucha. Mwenye bucha alikuwa amemwoa dada wa fundi, kwa hiyo wawili hawa walikuwa mashemeji, na walikuwa hawajasalimiana kwa miaka sita kwa sababu ya ubishi kuhusu nani aliyeuziba mtaro. Kila mmoja aliomba tamasha lake, Jumamosi ileile. Fungu lililobaki lilitosha tamasha moja.

Bwana Turubai aliwaita wote wawili.

"Nina fomu moja," aliwaambia. "Inataka sahihi mbili."

"Mimi na huyu hatukai meza moja," alisema mwenye bucha.

"Humu kuna meza mbili," alijibu, akaonyesha yangu.

Kwa hiyo kwa wiki tatu fundi alikaa kwake, mwenye bucha akakaa kwangu, na mimi nikawa napeleka fomu huku na huku kama mpira. Nilijifunza mengi kuhusu maini. Waligombana kuhusu kwaya ya kuanza, kuhusu rangi ya vitambaa, na hasa kuhusu jukwaa likae mtaa gani. Hatimaye likajengwa kwa mbao juu ya mtaro wenyewe, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyekubali kuwa ni pake. Spika na kipaza sauti vilinunuliwa kwa pamoja na kuwekwa kwenye kasha lenye kufuli mbili. Kila shemeji alishika ufunguo wake.

Siku ya tamasha, bibi mmoja wa mtaa wa chini alivuta kiti chake hadi kikagusa spika, mahali ambapo wengine wote walipakimbia. Fundi alimwendea. "Bibi, sogea kidogo, utaumia masikio."

Mjukuu wa bibi akacheka. "Hasikii kitu, mjomba. Anapenda tu inavyomtetemesha."

Fundi akaleta mto, mwenye bucha akamwekea. Bibi alikaa pale saa tano nzima, mkono mmoja juu ya spika, macho kafumba. Nimelitoa faili kuhakikisha sipigi chuku. Maoni ya mkaguzi yanasema: "Bibi mmoja kiziwi alikaa karibu na spika tangu mwanzo hadi mwisho. Alifurahi. Mashemeji hawajapatana, lakini wamechangia mto."

Miaka miwili baadaye, siku ya kazi, saa nane mchana, mvua ilinyesha milimani na mtaro ukajaa kabla mjini halijadondoka tone. Nyumba nyingi zilikuwa na wazee na watoto tu. Fundi alikimbia na ufunguo wake, mwenye bucha na wake, wakafungua kasha. Mwenye bucha alishika kipaza sauti akatangaza mara tatu watu watoke wapande juu. Watu wakatoka. Hapo ndipo fundi alipomshika mkono. "Yule bibi! Hasikii yule!"

Walirudi wawili, maji yakiwa magotini. Walimkuta kitandani akikunja nguo, mgongo kaupa mlango. Walimtoa amekaa kwenye kiti kilekile, mmoja mbele mmoja nyuma, na njia nzima bibi akiwagombeza kwamba wamemlowesha mashuka. Nyumba kumi na moja ziliharibika siku ile. Hakuna aliyekufa.

Mwaka uliofuata kamati ya madiwani ilipendekeza fungu la matamasha lifutwe lote, lihamishiwe kwenye mafuta ya magari ya halmashauri. Bwana Turubai aliitwa kujieleza. Ni mtu ambaye akiombwa kufungua kikao kwa maneno machache huyafanya kuwa mawili. Asubuhi ile alivaa koti la harusi ya binti yake, akakikosa kifungo cha shingo mara tatu hadi nikamfungia mimi. Mwenyewe alisema ni baridi. Feni haikuwa imewashwa, wala hakukuwa na baridi.

Mimi nilikuwa nikiandika kumbukumbu za kikao. Diwani aliyeleta hoja aliegemea kiti, akauliza, "Hebu tuambie. Miaka yote hii mmegawa fedha. Watu wameruka kwenye magunia, wameimba, wamekwenda nyumbani. Faida yake nini?"

Bwana Turubai alifungua faili, akasoma ripoti ya tamasha la mtaro kuanzia tarehe hadi sahihi, pamoja na idadi ya vyoo. Kisha akaeleza yaliyotokea siku ya mafuriko, kwa sentensi sita. Diwani mmoja mama, aliyekuwa upande wetu, akataka kumsaidia. "Kwa hiyo unatuambia tamasha lilimwokoa yule bibi?"

Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Mimi mwenyewe nilishaanza kuandika herufi ya kwanza.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Aliokolewa na mashemeji wawili. Tamasha lilifanya wajue kwamba hasikii."

Akakaa kabla ya kuruhusiwa.

Kalamu yangu ilikuwa na tatizo hapo, ndiyo maana ukurasa huo wa kumbukumbu una madoa. Kura zilipigwa. Fungu lilibaki kwa kura nane dhidi ya saba, likipunguzwa theluthi. Miongoni mwa wale wanane alikuwemo diwani aliyeleta hoja, ambaye baadaye alieleza kwamba alielewa swali vibaya. Bwana Turubai alirudi ofisini, akavua koti, akalitundika. "Theluthi imekwenda," alisema. "Tuanze kusoma maombi."

Ningeishia hapo ningeonekana namsifia tu, na yeye hapendi ripoti ya namna hiyo. Kwa hiyo naongeza hili. Mwaka wa ishirini na nne alikataa maombi ya vijana wa mtaa wa kilimani kwa sababu yalikosa mhuri wa kata. Mhuri ulikosekana kwa sababu mwenye mhuri alikuwa likizo na ameufungia kabatini. Vijana walieleza, wakasihi, mmoja akalia. Kanuni ilisema mhuri, naye akashika kanuni. Walifanya tamasha hivyohivyo, kwa viti vya kuazima na shuka zilizoshonwa kuwa pazia. Jumamosi ile hakuwa na kazi. Alipanda basi kwa nauli yake, akasimama nyuma hadi mwisho. Jumatatu akaniletea ripoti.

"Ifungulie faili," alisema.

"Faili la nini? Hatukuwapa kitu hawa."

"Ndiyo maana."

Ripoti hiyo ni fupi. Kisanduku cha mizigo kina idadi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika. Kwenye maoni ya mkaguzi kuna neno moja: "Nilikosea." Mwaka uliofuata kanuni ilibadilishwa, mhuri ukaruhusiwa kufuata nyuma ya maombi. Alimtafuta kila mmoja wa vijana wale kumpa fomu mpya mkononi. Aliyelia hakuipokea, na Bwana Turubai alisema ana haki.

Tulipokuwa tunaandaa sherehe ya kumuaga, wenzangu walishauri tuombe fungu la matamasha, angalau la viti. Niliyaandika maombi mimi, kwa uangalifu wote wa mtu aliyemtazama akisoma maombi kwa miaka kumi na tisa. Nikayaweka mezani kwake siku tatu kabla ya mwisho. Aliyasoma yote. Alisahihisha tarehe. Kisha akayakataa, akaandika sababu: "Si tamasha la jamii. Mnufaika ni mmoja."

Nilimwambia basi tutachanga wenyewe, na kwamba yeye ni mgeni rasmi. Aligeuza kalamu.

"Mgeni rasmi hukaa wapi?" aliuliza.

Mtu huyu amewapangia viti wageni rasmi mia sita. Nikamjibu kama vile hajui.

"Mbele," nikamwambia. "Katikati."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye faili lake.

Kwa niaba ya mkurugenzi, watumishi wote, na watu wa mitaa ambao hawajui kwamba kuna chumba hiki, tunakushukuru, Bwana Turubai. Asante kwa kusoma kila karatasi hadi chini. Asante kwa kusema hapana pale ambapo ndiyo ingekuwa rahisi, na kwa kurudi kuomba radhi mara ile moja. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu kiasi, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu ya mwenyekiti wa mtaa yeyote, na Jumamosi nyingi mbele yako, zote zikiwa zako na mama watoto. Sherehe ni ukumbi wa chini, Ijumaa hiyohiyo, saa kumi kamili jioni. Muziki upo. Wewe hutakuwa kazini.