Unga wa Mlevi Wangu

Akina mama wenzangu, nimesimama, ila nikikaa kabla sijamaliza msinishangae.

Mnanijua, nakaanga chipsi pale Mwanjelwa. Miaka yote chakula changu kilikuwa chipsi zilizobaki, na soda. Dona, ule ugali wa mahindi yasiyokobolewa, niliiacha siku nilipotoka kwetu Kihesa, Iringa. Niliiona chakula cha shida. Tumbo likaanza kujaa, ubavu wa kulia ukawa mzito. Nikapimwa, wakasema ini lina mafuta.

Ndugu zangu, nawaambia, pombe sijawahi hata kuionja. Baba yangu aliuawa na ulanzi, ile pombe ya mianzi, ini likimwisha huku tunamwona. Kwa hiyo nilipompigia mama kumweleza, alisema, "Kumbe na wewe." Akakata. Nikapiga tena na tena, hakupokea. Nikasikia kanisani kwao ananiombea niache pombe. Nililia mpaka nikachoka. Sikufungua banda, sikula, nikasema bora nife tu.

Nesi wa lishe wa pale nilipopimwa ndiye aliyeniinua. Akasema chipsi na soda niachane nazo, nile dona, maharage, matembele. Zile nyuzinyuzi zilizomo tumbo halizisagi, zinakwenda kulisha wadudu wazuri wa utumbo, na utumbo ukitulia ini nalo linapata nafuu. Mimi niliposikia wadudu, nikaenda kununua dawa ya minyoo. Nesi alicheka sana, nami nikacheka, mara ya kwanza baada ya miezi.

Nikamtumia mama ujumbe kwamba nimeambiwa nile dona. Hakujibu. Nikala hivyo hivyo, gesi ikinitesa mwanzoni, hadi nikapimwa tena. Mafuta yamepungua. Nikapanga Jumamosi nimpelekee ile karatasi ya majibu mkononi. Alhamisi mama akafariki.

Amezikwa akijua mimi ni mlevi. Hilo halijapona, wala sidhani kama litapona.

Tulipotoka makaburini, wifi yangu akanipa mfuko wa unga wa dona. "Alikwenda kuusagisha mwenyewe," akasema. "Aliniambia, 'Mpelekee mlevi wangu, ale apone.'"

Namshukuru nesi yule. Nawashukuru ninyi mliokuja kunitoa kitandani na kunipikia. Mkisikia mtu anaumwa ini, msimuulize anakunywa wapi. Muulizeni anakula nini.

Unga ule ulishaisha. Mfuko bado ninao. Naomba nikae.