Kalunde wa Zombe na Picha za Mikono ya Watoto

Marehemu Kalunde Kithome alizaliwa Tawa tarehe 9 Juni 1947, mtoto wa tatu wa Mutunga Ndeti na mkewe Mbinya. Alisoma hapo Tawa hadi darasa la saba na kufaulu mtihani. Baba yake akaamua kumsomesha kaka yake, ambaye alikuwa amefeli.

Mwaka wa 1967 aliajiriwa Makindu katika studio ya Bwana Wahome, kufagia na kuosha picha. Kamera alikatazwa kuigusa. "Hiyo ni kazi ya wanaume. Wewe shika beseni," Wahome alimwambia. Siku moja ndani ya chumba cha giza, Kalunde alilaza jani la mpapai juu ya karatasi ya picha, akawasha taa, akahesabu hadi tatu, akazima, kisha akaichovya karatasi kwenye dawa. Jani likatokea jeupe, karatasi ikiwa nyeusi tititi. Alicheka peke yake mpaka Wahome akagonga mlango kuuliza yuko na nani.

Tarehe 18 Desemba 1971 aliolewa na Kithome Mulwa, fundi cherehani wa Zombe, wakajaliwa Mumbua na Ndeti. Nyuma ya cherehani, Kithome alimzibia dirisha kwa mablanketi, naye akaanza kazi kwa tochi, bila kamera. Kila mama alileta mtoto wake, kiganja kikawekwa juu ya karatasi, tochi ikamulika mara moja. Alitengeneza mbili: moja ya mama, moja ya kuweka, na nyuma yake aliandika jina na tarehe.

Mwaka wa 1981 surua iliua watoto kumi na tisa wa Zombe. Wengi wao hawakuwa na picha nyingine duniani ila ile ya mkono.

Februari 1982, wazee wakiongozwa na Mzee Ndambuki walisema Kalunde ananasa vivuli vya watoto, na kwamba hicho ndicho kilichowaua. Walibeba maboksi yake mawili ya picha hadi nyuma ya soko.

"Surua haikutoka kwenye karatasi!" Kalunde aliwapigia kelele. "Someni majina kwanza, ndipo mwashe!"

Hakuna aliyesoma. Walichoma zote, kisha wakapita nyumba kwa nyumba wakidai zile za akina mama. Muthoki, aliyekuwa amezika mwanawe wa pekee, aliificha yake ndani ya blauzi na kuwafukuza kwa mwiko wa ugali. Wengine walitoa, kwa woga.

Wiki ile ile Kalunde alifungua chumba tena. Walikuja wachache, kisha wengi.

Mwaka wa 1989 Mzee Ndambuki alifika mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amepata kujua kwamba mkaza mwanawe alimleta mjukuu wake Syombua kwa Kalunde kisiri, kabla ya surua kumchukua.

"Mama Mumbua, haikubaki hata ile ya Syombua?"

"Uliishika kwa mkono wako, Mzee. Ningekuwa nayo, ningekupa."

Mzee alipoondoka, Kalunde alilia kwa hasira. Hasira hiyo hakuiacha, wala hakuombwa msamaha hadharani hata siku moja.

Kamati ya mazishi iliomba sehemu hii iondolewe, iandikwe kwamba marehemu aliishi kwa amani na watu wote. Binti yake Mumbua, anayesoma maneno haya, amekataa. Waliochoma wamekaa viti vya mbele, na maua wameleta.

Kifua kilimsumbua tangu 1993. Mara tatu alirudishwa nyumbani kutoka hospitalini akiambiwa ni mafua. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, saa nane mchana, akiwa na miaka arobaini na saba.

Ameacha mume wake Kithome, watoto Mumbua na Ndeti, mjukuu mmoja, mama yake Mbinya, na kaka yake.

Mama, Mungu akupe pumziko ambalo Zombe ilikunyima.