Sindano Haipendi Filamu ya Treni

Mbele ya duka la ushonaji pana benchi refu la mbao, na ikifika saa tisa alasiri, jua likishavuka paa la kinyozi, benchi hilo hujaa watu wasio na haraka. Mvuke wa pasi hutoka dirishani, mvuke wa kahawa hutoka kwenye birika, na mivuke hiyo miwili hukutana juu ya vichwa vya wasemaji hadi hujui upi ni wa kunywa na upi ni wa nguo. Hapo huketi Wembe, kinyozi anayeacha mteja kitini ili aje kumaliza ubishi. Huketi Mtambo, mwenye banda la video la uchochoroni. Mama Birika, muuza kahawa, yeye haketi, ila husema kuwashinda walioketi. Ndani, dirishani, husimama Mzee Pasi, mpiga pasi wa miaka thelathini; na kizingitini hukaa binti yake na cherehani. Binti huyo wanamwita Sindano, kwa kuwa ni mwembamba, na kwa kuwa akisema huchoma.

– Sindano, akaanza Wembe, leo nimesikia neno, kidogo nimkate mteja sikio.

– Neno gani?

– Eti wewe huipendi filamu ya treni.

Mama Birika akaacha kumimina. Mtambo akageuka mzimamzima kama mlango.

– Siipendi, akasema Sindano, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

– Filamu yenye tuzo kumi na moja! akapaza Mtambo. Jalada lote limejaa alama za tuzo, hata uso wa mwigizaji umekosa pa kukaa!

– Tuzo wamepewa wao. Mimi nimepewa kuumwa kichwa.

– Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba, akasema Wembe.

– Hiyo inaingiaje hapa? akauliza Mama Birika.

– Inaingia polepole.

– Mimi najua tatizo lake, akasema Mtambo. Aliiona kwa mama yake mdogo, kwenye runinga ndogo. Runinga ndogo, huzuni ndogo. Kwangu mimi ni ukuta mzima!

– Siyo runinga, akakataa Wembe. Ni mafuta ya cherehani. Yamemwingia machoni. Chozi likija linateleza, linarudi ndani.

– Mnamwonea bure, akasema Mama Birika. Alilala. Mtu asiyekunywa kahawa yangu hulala macho wazi.

Sindano akacheka kidogo, ila hakuinua uso. Kila walipoizungumza filamu ile, yeye alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie. Miezi mitano nyuma mama yake alifia hospitalini, alfajiri, wakati Sindano ameteremka ghorofa ya chini kutafuta shuka safi. Aliporudi na shuka, hapakuwa na wa kumtandikia. Tangu siku ile baba yake alikuwa akipiga pasi shati moja asubuhi nzima, mpaka mkaa unakufa ndani ya pasi, na neno halimtoki. Kisha wiki tatu zilizopita Wembe akamburuta mzee hadi kwenye banda la Mtambo. Mzee Pasi akarudi amelowa machozi, akaomba chakula, akala, akaongeza. Tangu hapo ameiona filamu ile mara tano, na siku hizi hupiga mluzi akinyoosha kola.

Sindano aliufurahia mluzi huo, lakini hakuuelewa. Filamu aliyoiona yeye ilimalizika kwa mama kufa kitandani peke yake, binti kaenda kuleta maji, na vinanda vikalia vizuri mno hadi kifo chenyewe kikapendeza. Hilo ndilo lililomchoma. Wodi aliyoijua yeye haikuwa na kinanda. Ilikuwa na feni inayogonga.

Mara sauti ya baba yake ikatoka dirishani, taratibu:

– Mwanangu, kwani ni kitu gani hukukipenda?

– Anavyokufa yule mama, baba. Anakufa kwa uzuri mno. Hakuna mtu anayekufa vile.

– Aa, pale! Lakini pale si ni katikati tu?

Cherehani ikanyamaza.

– Katikati?

– Ndiyo. Anakufa katikati. Halafu ukuta unakuwa mweusi, Mtambo anabadilisha diski, sisi tunakaa gizani tunasikilizana pumzi. Halafu huyo hapo! Yu hai. Nywele nyeusi ti, anaruka kamba na nduguze. Mwisho kabisa anapanda treni, anatupungia mkono dirishani, jua lote usoni.

Sindano akamgeukia mwenye banda.

– Mtambo, wewe huwa unajuaje diski ipi ya kwanza?

– Ufundi huo, dada! Maandishi ya kigeni hayanisumbui. Natazama michubuko. Diski iliyochubuka zaidi ndiyo ya kwanza, maana kila mtu huanza filamu, ila wanaomaliza ni wachache. Miaka kumi na miwili sijakosea.

Basi Sindano akaelewa. Diski ya pili ndiyo iliyochubuka, kwa sababu watu kila mahali huirudiarudia sehemu ya kitandani wapate kulia. Mtaa mzima umeona kaburi kwanza, utoto baadaye. Neno moja tu lingetosha kuwanyoosha. Akamtazama baba yake, pasi imesimama hewani, macho yamemng'aa kama ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akilisema neno hilo, baba yake atafiwa mara ya pili, na safari hii mbele ya watu.

– Mimi nasema ni pacha, akaingilia Wembe. Aliyekufa ni mmoja, aliyepanda treni ni mwingine.

– Pacha gani, na kovu la kidevuni ni lilelile? akabisha Mtambo. Mimi nasema ni lile shuka. Mtazame daktari anavyomfunika: mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Ya tatu ndiyo dawa.

– Nyote hamjui, akasema Mama Birika, akiusindikiza mvuke kwa macho. Mtu akifa anaanza kurudi njia aliyoijia. Anapita uzeeni, anapita utu uzima, anapita usichana, anakwenda tu. Ndiyo maana vichanga hulia wakizaliwa. Wamechoka, wametoka mbali.

– Na sisi hatuwaoni, akaongeza Mzee Pasi kwa sauti ndogo, kwa sababu tunatazama mbele. Wao wanapita nyuma yetu.



– Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akanong'ona Wembe, na safari hii hakuna aliyemuuliza inaingiaje.

– Haya, Sindano, akasema Mtambo. Wewe ndiwe mpinzani. Tuko sawa au tumekosea?

Sindano akafungua kinywa. Wote wakamwinamia.

– Samahanini, ikasema sauti nyingine. Alikuwa mteja, mwanamke mgeni aliyekuja kuteremshiwa pindo la gauni, amesimama kivulini akingoja. 

– Mimi filamu yenyewe sijaiona. Lakini hiyo treni ya mwisho, inampeleka wapi?

Wembe akatafuta methali, akakosa.  Mama Birika akalitazama birika, birika nalo likamtazama.

– Mwanangu, akasema Mzee Pasi, mimi nimeiangalia mara tano, sikuwahi kujiuliza. Wewe uliiona. Inakwenda wapi?

Treni aliyoiona Sindano alikijua kituo chake. Ilikwenda mjini, kwenye ndoa, kwenye nyumba ya ngazi nyembamba, kwenye kitanda kile. Lakini hiyo ilikuwa treni ya katikati ya filamu. Ile ambayo baba yake aliipungia mkono gizani mara tano, ikaondoka na hakuna kingine kilichofuata, hiyo hakuijua.

– Sijui, baba, akasema. Mwisho huo mimi sijauona.

Mzee Pasi akaiketisha pasi kwenye kigae chake, akaanza kutafuta viatu.

– Mtambo, fungua banda.

– Saa hizi? Kwa watu wawili?

– Watatu, akasema mwenye gauni.

– Na mimi, akasema Mama Birika, akifunika birika. Wembe, kichwa cha mteja wako?

– Upande mmoja kimeisha. Atatuvumilia.

Mtambo akasimama, akajipapasa mfukoni kutafuta funguo, kisha akamsogelea Sindano na kushusha sauti. Ufundi wa miaka kumi na miwili ulikuwa umetikisika kidogo usoni pake.

– Dada, mbona uliniuliza habari za diski? Niambie tu. Nianze na ipi?

Sindano akamtazama baba yake, aliyekwisha kutangulia uchochoroni, kamba za viatu hazijafungwa.

– Na ileile, akasema. Iliyochubuka.