Tangi Jeusi la Bibi Selina

Kijiwe chetu cha Endabash ni benchi moja mbele ya duka la Seif, na birika la kahawa linaloanza kutoa moshi saa kumi jioni. Wanakaa walewale. Seif mwenyewe, tunayemwita Kipimo kwa sababu kwenye mizani yake hupati punje ya sukari ya ziada. Mzee Wilibrodi, jina lake la utani Breki, aliyeendesha watalii Ngorongoro mpaka mgongo ukakataa. Na Fabian, mkulima, huyo anaitwa Mnyonge, maana hapa kikombe cha mwisho cha birika hupewa aliyeamka na hali mbaya kuliko wote, na Fabian kila siku ana hali mbaya. Mimi si mtu wa benchi. Nilifuata chumvi na sukari za kumchanganyia maji mwanangu Tluway, tumbo linamwendesha siku ya pili, nesi kaniambia chemsha maji, na mimi nachemsha, lakini maji ya lambo ukiyachemsha yanabaki matope ya moto, na nilikuwa nimembeba mgongoni naogopa hata kumgeuza nimtazame. Sasa kando ya benchi nikaona tangi jeusi, jipya, la kuvunia mvua. Miguu ikagoma kuondoka.

Mgeni mmoja aliyelala kwenye lodge huko Karatu ndiye aliyeliacha, apewe mwenye shida kuliko wote. Mwenyekiti wa kitongoji akaogopa lawama, akawatupia wao waamue.

Seif alitaka liende kwenye familia ya watu kumi na wanne kule bondeni, ili kila tone lipate mdomo. Fabian akamkatalia. Kwake yeye kikombe kimoja kwa asiye na kitu ni kizito kuliko debe zima kwa mwenye kisima, kwa hiyo unaanza na wa chini kabisa, hata kama faida yake ni ndogo.

— Na wa chini kabisa ni Bibi Selina, akasema. Hana mtu, hana punda, ana mbuzi mmoja.

Bibi Selina alikuwa amekaa kwenye gunia mlangoni pa duka, anakunywa kahawa yake. Hakuna aliyegeuka kumwangalia.

Mzee Wilibrodi akaona hayo yote yataleta ugomvi, afadhali tangi litobolewe, tuwe sawa.

— Sasa nani atakunywa, Breki? akauliza Seif.

— Hakuna. Lakini hakuna atakayemwonea mwenzake wivu.

Fabian naye akapanda juu zaidi. Akasema ukifikiri sana, aliye chini ya Bibi Selina ni mbuzi wake, maana anakunywa kile anachobakiza bibi, basi kwa haki tangi ni la mbuzi. Seif akamuuliza vipi kuhusu marehemu, ambao hawana hata kiu. Wakabishana hapo muda mrefu, na mwisho wakarudi kwa Bibi Selina, wakaanza kutafuta mkokoteni wa kumpelekea.

Nilijua kitu ambacho wao wamekisahau, na nilijua nikikisema wataniona mroho. Tluway akalia kidogo mgongoni, kilio kile cha mtoto aliyechoka, nikajikuta nimeshaanza.

— Shikamooni. Samahani baba zangu, naomba kuuliza. Kwa Bibi Selina, maji yataingilia wapi?

Bibi Selina anaishi kwenye tembe la zamani, paa lake ni udongo, limeota majani, na yule mbuzi hupanda kuyala hukohuko juu. Mvua ikinyesha pale inanywewa na paa. Breki akaanza kulikagua tangi kana kwamba lina kosa la kiufundi.

— Mama Tluway, akasema Fabian taratibu, wewe si jirani yake? Si una bati?

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa.

— Ninalo. Na tangi nalitaka, sitawadanganya, mtoto wangu anaumwa kwa maji ya lambo. Ila mimi nimeuliza tu.

— Mnanigawia na mimi nipo hapa, akasema Bibi Selina kutoka kwenye gunia. Likae chini ya bati la huyu binti. Koki iwekwe kufuli, ufunguo nishike mimi.

— Bibi, bati ni lake, akasema Seif. Kwa nini ufunguo uwe wako?

— Si mmesema mimi ndiye wa chini kabisa? Basi anzeni na mimi.

Seif akaingia dukani kutafuta kufuli. Fabian akainua birika amimine kile kikombe cha mwisho, akanitazama, akamtazama bibi, birika likatoa mashapo matupu ya kahawa.

Mvua za vuli zimeshalijaza mara mbili. Tluway ameshanenepa, anatambaa. Kila asubuhi nakwenda na ndoo kupiga hodi kwenye tembe, nimwombe Bibi Selina anifungulie maji ya bati langu. Hafungui mpaka nimpe mtoto ampakate kwanza, amshike tumbo, aridhike.